Uzi: Mwalimu aliyetuhesabisha ngurumo za Tororo. Wewe ulimpenda mwalimu gani, na somo gani?

Mwana wa Reli, Tororo (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, kitindamimba wangu aliye kidato cha pili aliniuliza majuzi ni somo gani nililolipenda zaidi nilipokuwa na umri wake. Nilimjibu kwamba ni jiografia, naye akaridhika, akarudi kwenye daftari lake. Mimi ndiye sikuridhika, kwa sababu usiku ule nilitambua kwamba jiografia niliichukia kwa mwaka mzima kabla ya kuipenda, na kwamba jibu la kweli ni mtu. Naomba kumweleza mtu huyo hapa kwa kirefu, kisha nanyi mtueleze wa kwenu.

Nililelewa katika nyumba za reli za Tororo, pale ambapo njia itokayo Mombasa huingia Uganda kupitia Malaba na kugawanyika, mkono mmoja ukielekea Jinja na Kampala na mwingine ukipanda Mbale na Soroti hadi kaskazini. Baba alikuwa fundi wa injini katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, akaendelea na reli ya Uganda baada ya hapo. Jirani wa kulia walikuwa Wajaluo, wa kushoto Wasamia, na mbele yetu Wateso na familia ya Kinubi. Uani hakukuwa na lugha nyingine ya kugombania maji ya bomba isipokuwa Kiswahili, na sisi watoto hatukujua kwamba tulikuwa tunazungumza lugha ya mtu mwingine.

Tulijua tulipoingia sekondari mwaka 1982. Aliyesikika akizungumza lugha yoyote isiyo Kiingereza alivishwa kibao shingoni, naye alipaswa kukaa nacho hadi amnase mwenzake. Kiswahili kilikuwa na aibu ya ziada. Amin alikuwa amekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na baada ya vita vya 1979 watu wengi walikikumbuka kama sauti ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Mtoto wa reli aliyeteleza akasema «subiri kidogo» alichekwa kama mtoto wa askari. Nilinyamaza karibu mwaka mzima.

Katika kidato cha pili akaja madamu mpya wa jiografia, Mganda, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ilitulazimisha tunyamaze ili tumsikie. Mwalimu aliyemtangulia alikuwa akitujazia ubao, nasi tukinakili: mito, madini, mazao, majina ya safu za milima ya mabara ambayo hakuna kati yetu aliyetarajia kuyaona. Madamu huyu aliingia siku ya kwanza, akaandika sentensi moja tu, kwamba Tororo ni mji wenye ngurumo nyingi, akamwomba mwanafunzi mmoja aisome kwa sauti. Kijana akasoma. Madamu akamuuliza, «Umejuaje?» Kijana akasema imeandikwa ubaoni. Akamuuliza tena, «Mimi je, nimejuaje?»

Hapo ndipo alipotueleza kwamba kituo cha hali ya hewa cha mji wetu kilirekodi wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976, idadi ambayo ni miongoni mwa kubwa zilizowahi kuandikwa duniani. Ninaomba mtafakari jambo hilo. Tulikuwa watoto wa mji mdogo wa mpakani, tuliozoea kuambiwa kwamba vitu vyote vya kuandikwa vitabuni viko mbali, na kumbe kelele iliyokuwa ikituamsha usiku na kutikisa mabati yetu ilikuwa na nafasi yake katika kumbukumbu za dunia. Hakutaka tumwamini. Alitaka tuhesabu wenyewe.

Tulihesabu kwa mwaka mzima. Madaftari yalikuwa adimu kiasi kwamba moja lilikatwa katikati kwa wembe ili liwatoshe wawili, lakini darasa zima lilichanga daftari moja zima kwa kazi hiyo. Kila siku wawili wetu walikuwa na zamu. Tulichimbia kopo la bati mbali na miti na paa, likapimwa kwa rula kila asubuhi saa tatu, na pembeni tukaandika kama ngurumo ilisikika, saa ngapi, na upande gani. Alitufundisha kuhesabu sekunde kati ya umeme na mngurumo, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na hivyo kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Mpaka leo nikiona umeme midomo yangu huanza yenyewe: moja, mbili, tatu.

Ndipo yale aliyokuwa akiyachora ubaoni yakaanza kuwa na maana. Ziwa Viktoria liko kusini mwetu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa yenye unyevu ya ziwani huvutwa kuingia bara. Ikielekea kwetu hukutana na miinuko ya Mlima Elgon, hulazimika kupanda zaidi, na kufikia alasiri mawingu huwa yamesimama kama minara. Maelezo hayo yalikuwamo hata katika daftari la mwaka uliotangulia, kwa mwandiko wangu mwenyewe, wala sikuwahi kuyaelewa. Hata Mwamba wa Tororo, ambao tulikuwa tukiupanda kutafuta matunda, ulibadilika machoni petu alipotuambia kwamba ni koo la volkano ya kale, jiwe gumu lililobaki baada ya mlima wenyewe kuliwa na mvua, na kutupeleka tukaulinganishe na mawe ya vilima vya Sukulu.

Sasa nije kwenye Kiswahili, kwa maana mambo haya mawili kwangu hayatengani. Wiki moja zamu ilikuwa yangu na ya mwenzangu wa reli, nasi tulihitaji kutofautisha mvua na mvua. Kiingereza chetu kilikuwa na neno moja. Nikasahau kibao, nikasema kwamba yale ya jana yalikuwa manyunyu tu, na ya juzi yalikuwa rasharasha. Darasa likacheka. Madamu hakucheka. Aliniuliza tofauti, akaiandika ubaoni, kisha akawauliza wengine lugha zao zinasemaje, naye akaongeza za kwake, akituonyesha kwamba *laddu* ya Kiganda na radi ya Kiswahili zinasikika kama ndugu. Kuanzia siku hiyo safu ya mwisho ya daftari la mvua iliandikwa kwa maneno yetu.

Baada ya muhula mmoja, wanne kati yetu tulimwomba atusaidie kujiandaa kwa mtihani wa Kiswahili, somo ambalo shule haikuwa na mwalimu wake. Alituambia wazi kwamba hakijui vizuri. Alitafuta kitabu cha sarufi, akawa anajifunza sura moja mbele yetu. Saa kumi jioni, chini ya mwembe, aligawa ubao mdogo katika safu mbili: *omuntu, abantu* hapa, mtu, watu pale, *ekintu, ebintu*, kitu, vitu, *omuti, emiti*, mti, miti. Nilikuwa nimeisikia Luganda maisha yangu yote bila kuona kwamba zimejengwa kwa matofali yale yale. Lakini kati yetu alikuwamo mvulana Mteso, na Kiteso si lugha ya Kibantu, kwa hiyo safu zile hazikumfaa kitu. Mvulana huyo aliambiwa na madamu ajifunze ngeli kama anavyojifunza jedwali la kuzidisha, na ikawa yeye ndiye aliyetushinda sote. Sisi wa reli tulikuwa tumeshiba «kitabu yangu» na «watu mingi» tangu utotoni, na masikio yetu yalikataa kurekebishwa. Yeye alianza upya, akaanza sawasawa.

Uongozi wa shule haukupendezwa. Hofu ilikuwa kwamba somo hili lingeshusha matokeo ya shule, na tuliruhusiwa kusajiliwa kwa shida. Ninalitaja hilo bila kinyongo, ila nataka ieleweke kwamba yule mama alifanya kazi hiyo miaka ambayo mfumuko wa bei ulikuwa umeula mshahara wa mwalimu hadi hauna maana, miaka michache kabla serikali haijabadilisha fedha mwaka 1987 na kukata sifuri mbili. Aliishi kwa mahindi aliyoyalima nyuma ya nyumba yake. Jioni zile chini ya mwembe zilikuwa jioni za jembe lake.

Nimefanya kazi ya wakala wa forodha pale Malaba kwa miaka thelathini. Kiswahili kimenilisha. Na kila nilipopewa karatasi inayosema lori limebeba tani kadhaa, nilisikia sauti ya chini ikiniuliza nimejuaje.

Karibuni, nanyi mseme.

Mwalimu wa Hesabu, Arua

Ndugu Mwana wa Reli, nimesoma andiko lako mara mbili, na ninakushukuru kwa dhati. Hata hivyo naomba nitofautiane nawe katika jambo moja, kwa kuwa simulizi hizi zikiachwa hivi zinaweza kumfanya kijana aamini kwamba bila mwalimu mwema hakuna somo litakalopendwa.

Mwalimu aliyenifundisha hesabu darasa la sita na la saba alikuwa mkali kupita kiasi. Alitupiga kwa kila jibu lenye kosa, fimbo moja kwa kosa moja, na mikono yangu inalikumbuka jambo hilo hata sasa. Sikumpenda, na sitamsingizia wema ambao hakuwa nao. Lakini hesabu niliipenda chini ya fimbo hiyo hiyo, kwa sababu niliiona kwanza sokoni kwa mama yangu aliyekuwa akiuza simsim. Mama hakusoma. Alipima kwa kikombe na kwa kopo, akijua kwamba vikombe kadhaa hujaza kopo moja, na kwamba mnunuzi wa kopo hupunguziwa, naye aliweza kukuambia faida ya siku kabla jua halijatua bila kuandika chochote. Siku mwalimu alipoandika uwiano ubaoni nilimwona mama yangu. Wengine waliona fimbo tu, na wengi wao waliacha hesabu moja kwa moja, wakiwamo waliokuwa na akili kunizidi. Kwa hiyo ninaposema kwamba nililipenda somo bila kumpenda mwalimu, sisemi kwamba fimbo haikudhuru. Ninasema niliokolewa na soko.

Leo mimi ni mwalimu. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni, lakini mimi niliiweka fimbo chini muda mrefu kabla ya sheria hiyo. Darasani ninaanza na kikombe na kopo. Na kuhusu Kiswahili, huku West Nile hatukukionea haya kama mlivyokionea huko kwenu. Kilikuwa lugha ya biashara na ya wanajeshi wengi waliotoka katika familia zetu, na mwanafunzi Mlugbara akikwama katika Kiingereza, sentensi moja ya Kiswahili mara nyingi humtoa matopeni.

Msomaji wa Mbarara

Shikamoo, mzee wangu wa Tororo, na wewe mwalimu wangu wa Arua. Mimi ni mdogo wenu sana, lakini naomba nafasi.

Niliingia kidato cha kwanza Februari 2020, kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya wa sekondari ya chini, ambao ulifanya Kiswahili kuwa somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kukisikia isipokuwa kwa madereva wa malori. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyetoka chuoni, na kwa wiki sita hivi alitufundisha kwa njia ile ile ya mwembe wako, mzee, ila safu yake ya kushoto ilikuwa ya Runyankole. Nakumbuka msichana aliyeinua mkono akasema, karibu kwa hasira, «Kumbe hii lugha tunaijua!»

Halafu Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022, na duniani hakuna nchi iliyozifunga kwa muda mrefu zaidi. Masomo yalitolewa redioni na kuchapishwa magazetini, lakini nyumbani kwetu redio ilihitaji betri na gazeti lilihitaji fedha. Mwalimu wa Kiswahili alitembea. Aliishi tarafa ya jirani, na alipita kwa miguu katika nyumba za wanafunzi wake waliokuwa karibu, akiacha karatasi moja yenye maneno kumi na kazi moja: tunga beti mbili kwa maneno hayo, mistari minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mstari. Wiki iliyofuata aliikusanya na kuacha nyingine. Nilikuwa nikihesabu mizani kwa vidole huku nachunga mbuzi. Wenzangu wawili waliolewa katika kipindi kile na hawakurudi, na ninaamini kwa moyo wote kwamba karatasi zile ndizo zilizonifanya nijihesabu kuwa mwanafunzi bado.

Tulifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Sasa ninasoma ili niwe mwalimu wa Kiswahili na fasihi. Mzee, nina swali: mliamuaje kama ngurumo ya mbali sana ihesabiwe au la?

Mwana wa Reli, Tororo

Marahaba, mwanangu. Swali lako nitalijibu, lakini kwanza nimjibu mwalimu wa Arua.

Mwalimu, umenisahihisha na ninakubali. Nilisema jibu la kweli ni mtu, wewe ukanionyesha kwamba mtu huyo anaweza kuwa mama mwenye kikombe cha simsim. Ninachoongeza ni hiki tu: mama yako alikuwa akikuonyesha alivyojua. Hakukuambia faida ni kiasi gani ukaikariri, ulimwona akipima.

Jambo jingine linaniuma, nalo linakuhusu wewe na dada yetu wa Mbarara. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada katika sekondari zake hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wenzao wa masomo ya sanaa wakabaki mbali nyuma, hata wakagoma mwezi Juni. Sipingi mwalimu wa fizikia kulipwa vizuri. Alistahili tangu zamani. Lakini namfikiria madamu wangu. Jiografia inahesabiwa upande wa sanaa. Mwanamke aliyetufundisha kupima mvua kila asubuhi, kukadiria umbali wa radi kwa kasi ya sauti, na kutoamini sentensi hata iliyoandikwa na mkono wake hadi tuwe na ushahidi, leo angewekwa katika kundi la wasiofundisha sayansi. Na yule kijana aliyetembea na karatasi za mashairi nyakati za korona naye angewekwa humo humo. Siwezi kulikubali hilo, na nimelisema kila mahali nilipopata nafasi ya kusema.

Mzee wa Bombo

Nimepita kusoma tu, ila nimekumbuka kwamba neno la Kiganda la kusoma, *okusoma*, ndilo walilopewa Wakristo wa kwanza katika mji wa Kabaka, wakaitwa *abasomi*. Kusoma na kuamini vilikuwa neno moja. Yule madamu aliwafundisha kuvitenganisha, na nadhani ndiyo sababu hukumsahau.

Mwalimu wangu mimi alikuwa wa useremala. Alikuwa akisema pima mara mbili, kisha anakupa mbao mbovu kwanza. Zaidi ya hapo sina la kueleza, ila meza ninayoandikia niliitengeneza mwenyewe.

Mwana wa Reli, Tororo

Mzee wa Bombo, asante sana. Hilo la *abasomi* sikuwa nimeliunganisha.

Mwanangu wa Mbarara, sasa jibu lako. Kanuni ya vituo vya hali ya hewa ni kwamba siku huhesabiwa kuwa ya ngurumo ikiwa ngurumo imesikika kituoni, hata mara moja, hata kwa mbali. Umeme ulioonekana bila sauti hauhesabiwi. Kwa wengine kanuni hiyo ingetosha, lakini sisi tulikuwa na reli. Gari la mizigo likipishanishwa usiku, mabehewa yakigongana, sauti yake kwa mtu aliyelala nusu haina tofauti na ngurumo ya upande wa Elgon. Mwezi wa kwanza wa kazi yetu ulikuwa na siku nyingi mno, na madamu alilitilia shaka daftari.

Hakutukemea. Aliagiza kwamba ngurumo ya usiku isiandikwe mpaka iwe imesikiwa na watu wawili wanaoishi sehemu mbili tofauti za mji, mmoja wao akiwa si wa nyumba za reli. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kengele ungetukuta langoni tukiulizana kwa Kiswahili, kwa Kiteso, kwa Kijopadhola, kwa Kisamia, ni nani aliyeisikia, saa ngapi, na alikuwa amelala wapi. Baba aliposikia agizo hilo akatuletea ratiba ya magari ya mizigo ili tuilinganishe na daftari. Tulifuta siku nne.